Fundi wa Sikio Moja

Kabla hajachomeka waya ukutani, mzee aliibeba redio kwanza. Redio yoyote iliyoingia kibandani kwake pale Majengo, iwe ya mezani, ya garini, au mitambo mikubwa ya ukumbini, aliinyanyua kwa mikono miwili, akaishusha, akainyanyua tena, halafu akaiinamisha kidogo upande huu na upande ule kama mama anayepima mtungi kama umejaa. Mwenye mali alisimama akingoja. Hakuna aliyemsemesha wakati huo. Mimi kibanda changu kilikuwa mlango wa nne kutoka kwake, na kila siku niliona watu wazima, wengine wakubwa wa maofisini, wakishusha pumzi pale mzee alipotikisa kichwa kukubali. Nilichukia kuona vile.

Nalisema hili mapema ili nisionekane namsifu mtu kwa moyo mweupe. Nilimwonea wivu mzee yule karibu miaka tisa. Mimi nilikuwa na cheti. Nilisoma chuo cha ufundi miaka mitatu, nikaajiriwa serikalini kutunza vyombo vya sauti. Asubuhi niko ofisini, jioni niko kibandani. Cheti nilikitia kwenye fremu ya kioo nikakitundika mahali ambapo jua la jioni lilikipiga, na mezani nilikuwa na mita mbili za kupimia umeme, moja ya mshale na nyingine ya tarakimu. Yeye alikuwa na bisibisi nne, chuma cha kulehemu kilichoviringishwa kitambaa kwenye mpini, na stuli ya mninga. Watu walipita mbele ya cheti changu wakaenda kwenye stuli yake.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Kabla ya hapo nyumba yenye redio ilikuwa na redio moja, na ikiharibika ilifungwa kwa kamba ikaendelea. Ghafla vitu vikafurika. Malori yaliyopeleka mahindi na karanga Dar es Salaam yalirudi Dodoma na makasha: redio kaseti za milango miwili, ampilifaya mitumba kutoka Japani, spika ndefu kama kabati, redio za magari zilizong'olewa kwenye magari huko zilikotoka, waya zikining'inia kama mizizi. Mtu akiuza ng'ombe au akipata posho ya safari, alitaka redio. Lakini nani ajuaye ipi ni ya kweli na ipi ni rangi tu? Hapo ndipo mzee yule alipopanda thamani, kama chumvi wakati wa njaa.

Jambo moja watu hawakulielewa ni kwamba hakutaja kabisa majina ya kampuni. Alisema jina linaweza kuandikwa na yeyote mwenye stika. Yeye aliziita redio kwa makabila yao. Mholanzi alikuwa yule wa sanduku la mbao na kitambaa usoni, ambaye kwake alikuwa bora kwa taarifa ya habari, kwa sababu msomaji alisikika kama mtu aliyekaa chumbani mwako na viatu kavua. Mjerumani alimsifu kwa kushika stesheni za mbali. Alisema Mjerumani ni kama mfugaji, anaona ng'ombe wake ng'ambo ya bonde. Mjapani aliwagawa wawili. Kulikuwa na Mjapani wa fedha, mwenye uso wa chuma kinachong'aa na vifundo vizito vinavyozunguka taratibu, na huyo alimheshimu kuliko wote. Kulikuwa na Mjapani mweusi, aliyekuja baadaye, mwenye taa nyingi. Huyo alimwita Bwana Harusi: amependeza leo, kesho hujui.

Mimi haya maneno niliyaona ya mtaani. Nilikuwa najua kwamba chombo hupimwa kwa namba. Siku moja mfanyabiashara wa nafaka aliniletea ampilifaya mpya aliyonunua, nzito mpaka ikabebwa na watu wawili. Niliipima kwa mita zangu, ikatoa umeme vizuri, nikamwambia amepata mali, maana uzito ule ni wa transfoma kubwa. Nikamwandikia hata karatasi. Akiwa njiani kurudi kwake akapita kwa mzee, kwa mazoea tu. Mzee aliinyanyua, akaiinamisha, akaiweka chini. Alisema transfoma hukaa upande mmoja, kwa hiyo chombo cha kweli hulemea upande kama mwanamke aliyebeba mtoto ubavuni. Hiki kimelemea katikati. Akafungua skrubu. Chini, kwenye sakafu ya chombo, palikuwa pamemwagwa saruji. Donge la saruji la ukubwa wa tofali, lililopakwa rangi nyeusi.

Yule mfanyabiashara hakurudi kwangu kunigombeza. Ingekuwa afadhali. Wiki hiyo nzima kila aliyepita alitupa jicho kwenye cheti changu, halafu akanitazama mimi.

Redio za magari alizipima kwa namna yake. Hakukubali kuisikiliza gari likiwa limesimama. Alipanda mbele, akamwambia dereva ashike njia ya Kizota, ile iliyokuwa imechimbika, na wakati gari linarukaruka alikuwa amefumba macho, mkono kwenye dashibodi. Alisema redio ya nyumbani ni mke na ya gari ni askari. Usimpime askari akiwa amekaa kitako. Alijua kaseti ipi itayumba kwenye shimo, mkanda gani wa ndani umelegea, spika gani imefungwa skrubu mbili badala ya nne. Madereva wa serikali walimpenda. Walipanga foleni ya magari mbele ya kibanda chake mpaka yakaziba mlango wangu, na mara nyingi nilitoka nikawaambia wasogee, nao wakasogea kwa adabu, wakaendelea kumngoja.

Na kulikuwa na kaseti yake. Mafundi wengi tulijaribia redio kwa muziki. Yeye alijaribia kwa kaseti aliyojirekodia mwenyewe, mwaka mmoja mvua iliponyesha vizuri: mvua ikipiga mabati, maji yakianguka kwenye ndoo, mtu akikohoa mbali. Nani asiyejua mvua ilivyo adimu kwetu? Aliiweka ile kaseti, akaongeza sauti, akatulia. Alisema redio mbaya itakuletea kelele ya kukaanga karanga. Redio nzuri itakufanya ukumbuke nguo zako ulizoanika. Siku alipomjaribu Mjapani wa fedha na spika zake za mbao, jua la saa kumi likiwaka nje, mwanamke mmoja aliyekuwa akipita na beseni la nyanya alisimama akatazama juu. Nilimwona kwa macho yangu. Nilirudi kibandani kwangu nikajaribu kutengeneza kaseti kama ile kwa kumwaga maji kwenye bati. Ilitoka kama mtu anayekojoa.

Hakuwa malaika. Alikuwa mwongo wa kesho, kama mafundi wote. Redio ya mtu ilikaa kwake miezi miwili na kila siku ilikuwa "njoo kesho baada ya adhuhuri". Hakujua kusema asante. Aliwasema vibaya Mabwana Harusi mbele ya watu waliokwisha kuwanunua, wakaondoka wakiwa wanyonge. Na yeye aliyewafundisha Majengo nzima kutofautisha Mjapani na Mjapani, nyumbani kwake alisikiliza kiredio cha mbao chenye spika moja, kifuniko cha betri kimepotea, betri zimeshikwa na mpira wa baiskeli. Nilipomwuliza kwa nini, nikidhani nimemnasa, alinijibu kwamba mpishi wa hoteli akirudi kwake hula ugali na mlenda. Mimi aliniita Sanifu, kwa sababu ya cheti. Wengine walicheka kila aliposema. Yeye hakuwahi kucheka, na sikujua kama ananidhihaki au ananiheshimu.

Kilichoniuma kuliko saruji kilitoka nyumbani kwangu. Redio yetu ilikuwa imepoteza sauti tangu kabla ya Ramadhani, na mimi, fundi wa watu, nilikuwa nasema nitaitazama. Siku moja nimerudi kutoka kazini nikaikuta inaimba. Mke wangu alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa. Niliifungua nyuma. Nikaona pale palipokuwa pamekatika pamelehemiwa tone moja tu la risasi, dogo, la mviringo, linang'aa kama jicho la samaki mbichi. Mkono ule niliujua. Mke wangu alikuwa ameifunika kwa kanga akaipeleka kwa mzee mchana, nikiwa ofisini, akapita nyuma ya kibanda changu.

Nilimwuliza kwa nini anidhalilishe. Akaniambia, "Baba Sauda, mimi nilitaka kusikiliza taarifa ya habari. Sikutaka kukupima wewe na mtu."

Sikulala na amani tena baada ya hapo. Kila nilipolehemu kitu nililitazama tone langu, nikaona limekaa kama ugali uliomwagika.

Sasa nije kwenye sikio. Tulikuwa na msiba wa jirani, wanaume tumekaa mkekani, nami nikajikuta nimekaa kushoto kwake. Nilimwamkia shikamoo mara tatu. Hakuitika. Nilidhani ni kiburi, nikarudi nyumbani nimefura, nikamweleza mke wangu. Yeye alikuwa ameshazoeana na mke wa mzee, wakiazimana vinu na nyungo. Akanituliza, akaniambia nisimhukumu, kwamba mzee sikio la kushoto halisikii kabisa; alipokuwa kijana liliugua, likatoa usaha, likafa. Mke wa mzee ndiye aliyemweleza kwa siri, kwa sababu mzee mwenyewe hapendi lisemwe kwa ajili ya kazi yake. Mke wangu aliniomba niliache hapo hapo.

Nikakumbuka namna alivyosikiliza. Alikaa kwenye stuli katikati ya spika mbili, akasikiliza mvua yake mpaka mwisho, kisha akageuka, akazipa spika mgongo, akairudisha kaseti na kusikiliza upya. Sote tulidhani ni mbwembwe za uzee. Kumbe alikuwa analipeleka sikio lake moja kwenye spika ya pili.

Mtu mwingine angelijua hilo angemwonea huruma, au angemstaajabia. Mimi nilifurahi. Nilikaa na ile furaha wiki kadhaa kama mtu aliyeficha nyama.

Kulikuwa na Hajati mmoja mwenye ukumbi wa harusi karibu na soko, mama aliyeheshimika, ambaye akinunua kitu watu kumi wananunua kama chake. Alitaka mtambo mpya wa ukumbi. Alikuwa ameletewa miwili: Mjapani wa fedha wa zamani, aliyeachwa na mhandisi mgeni aliyemaliza mkataba wake, na Bwana Harusi mpya kabisa, amefika wiki ile kutoka Dubai na nailoni zake. Alituita wote, mzee na mimi. Walikuwepo madereva, wenye maduka, wanawake waliokuwa wanapamba ukumbi. Mimi nilipima kwa mita, nikasema huu mpya una nguvu zaidi, na kwa namba ilikuwa kweli. Mzee alinyanyua, akainamisha, akaweka kaseti, akakaa, akasikiliza, akageuka, akasikiliza. Kisha akamwonyesha Hajati ule wa fedha.

Hajati akamwamini papo hapo. Aliniambia ahsante kwa kuja, kwa sauti ya kumuaga mtu. Ndipo nilipofungua kinywa.

Nilisema, "Hajati, mzee wetu ana sikio moja tu. La kushoto halisikii tangu ujana. Stereo ina pande mbili. Atakupimiaje kitu ambacho nusu yake haimfikii?"

Mzee alikuwa bado amezipa spika mgongo. Aliinuka kwenye kiti, akaja mpaka mbele ya Hajati, akasema, "Ni kweli. Ndiyo maana huwa nageuka."

Hakunitazama. Alitoa kaseti yake, akaipuliza vumbi, akaitia mfuko wa shati, akaaga. Hajati alitutazama mmoja baada ya mwingine, nikaona uso wake unavyohesabu: harusi za watu, heshima yake, watakaosema alichaguliwa mtambo na kiziwi. Akachukua wangu.

Ningependa kueleza kwamba mtambo wangu uliungua harusi ya kwanza. Haukuungua. Ulipiga vizuri tu, taa zikawaka, watu wakacheza, nami nikawa fundi wa ukumbi. Ila sikio la mzee likawa habari ya mtaa. Madereva walewale waliokuwa wakimpakia mpaka Kizota wakaanza kusimama upande wake wa kushoto, wakichezesha midomo bila kutoa sauti, halafu wanacheka. Alikuwa anajua. Mtu hujua. Wateja wakapungua, na baada ya mavuno yaliyofuata alifunga kibanda, akahamia Mpwapwa, kwao mkewe, ambako walikuwa na shamba. Mke wangu alikwenda kuwaaga. Aliporudi hakunisemesha siku nne, na ya tano aliongea nami habari za chumvi tu.

Wateja wake walikuja kwangu. Nilikuwa nimeyataka haya miaka tisa, na sasa yamekuja, sikuona raha yake. Walileta redio na kuniambia, yule mzee alisema hii usiifungulie sauti ya juu. Yule mzee alisema Mholanzi huyu anataka kivuli. Dereva mmoja nilimtengenezea redio, akakaa ndani ya gari akinitazama, mwisho akaniuliza kama mimi sipandi tukaizungushe barabarani. Nilijikuta namwonea wivu mtu ambaye hayupo, na huyo ni mbaya zaidi, kwa sababu asiyekuwepo hakosei.

Miaka minne baadaye kazi ya ofisi ilinipeleka Mpwapwa kufunga vipaza sauti kwa ajili ya mkutano. Nilipomaliza, mchana, nilitembea kuelekea stendi, nikamwona. Alikuwa barazani mwa duka la mtu, meza ndogo mbele yake, anafungua redio ya mfugaji mmoja aliyesimama pembeni na fimbo yake. Amekonda, lakini mikono ni ileile. Nilikwenda upande wa kulia, nikamwamkia. Akaitika, marahaba Sanifu, kana kwamba tuliachana jana. Akaniagizia chai. Akauliza habari za Mama Sauda, akauliza mvua za Dodoma.

Yule mfugaji alipochukua redio yake na kuondoka, niliinama karibu, nikamwambia polepole kile nilichotaka kusema. Akatega kiganja sikioni.

"Sema kwa nguvu. Na hili nalo limeanza kuchoka."

Nilirudia, juu kidogo. Akatikisa kichwa kwamba hajapata. Wanawake wauza karanga waliokuwa hatua chache kutoka pale walikuwa wameanza kututazama. Ningeweza kuacha. Ningeweza kunywa chai yangu nikapanda basi. Sijui nguvu ilitoka wapi, nikainua sauti kama mtu anayeita kondakta.

"Nilikuonea wivu, mzee. Jambo la siri yako nilisema kwa watu kwa sababu ya wivu. Nimekuja unisamehe."

Wauza karanga wakaacha kupima. Mtu mmoja aliyekuwa anashusha mzigo juu ya basi alisimama na gunia begani. Mzee alichukua kitambaa akafuta meza, akakikunja, akakiweka. Mara hii alinitazama usoni.

"Nimesikia," alisema. "Lakini hawa wa hapa hujawakosea kitu. Waliokusikia siku ile wako Majengo."

Akanisogezea kikombe, kwamba chai inapoa. Hatukulizungumza tena. Tulikaa mpaka basi langu likapiga honi, yeye akiniuliza bei ya risasi ya kulehemu, mimi nikimjibu kwa kupaza sauti.

Ilinichukua majuma mawili kwenda kwa Hajati. Nilimkuta ukumbini anasimamia upangaji wa viti, watu wamejaa, nikatamani kumwita pembeni. Sikumwita. Nilimweleza pale pale: kwamba lile la sikio nililitoa kwa husuda na si kwa ajili ya ukumbi wake, na kwamba mzee alikuwa akizisikiliza spika zote mbili, moja baada ya nyingine, kwa makini kuliko sisi wenye mawili. Hajati alinisikiliza mpaka mwisho bila kubadilika uso. Akaniuliza jambo moja tu: yuko wapi?

Juma lililofuata akaniita. Ule mtambo wangu ulikuwa umeanza kukoroma. Nilipousikia tu nilijua ni nini, kazi ya nusu saa. Hajati akasema, "Huu utakwenda Mpwapwa. Wewe ndiye unayejua alipo. Upeleke stendi."

Wivu ulikuwepo, nisiseme uongo, mzimamzima, kama nilivyouacha. Niliuinua mtambo ule nikautia begani na kutoka nao. Njia ya kwenda stendi inapita mbele ya vibanda vyetu. Madereva wakaniuliza naupeleka wapi, nikawaambia Mpwapwa, kwa mzee. Wakaniuliza kwani mwenyewe nimeshindwa. Nikautua chini, nikawaeleza lile nililomweleza Hajati. Mwenye duka la nafaka naye akauliza, nikautua, nikamjibu na yeye. Kutoka ukumbini mpaka stendi ni mwendo wa robo saa. Siku ile nilifika basi la pili limeshaondoka, nikangoja la tatu.